Mwaka wa Jiko Jeupe

Siku ya arobaini ya mama, mzee mmoja wa kanisa letu la Kibamba alisimama chini ya turubai, akashika kipaza sauti na kuwaambia watu kwamba mie, Namsifu, nilimtunza mama yangu kama mboni ya jicho. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nikainama mpaka khanga ikanifunika uso, na waliokuwa karibu nami wakanipigapiga mgongoni wakidhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nauzuia mdomo wangu usiseme kitu mbele ya watu. Nyuma kabisa, karibu na akina mama waliokuwa wanapakua pilau, alikaa fundi Mbwana, ndevu zimeshakuwa nyeupe, kanzu na baraghashia, ametoka Tandika asubuhi ile kuja kunipa pole. Niliponyanyua uso tulitazamana. Yeye hakuitikia amina. Ni Mwislamu, labda ndiyo sababu, lakini mie nilijua kulikuwa na sababu nyingine, na yeye alijua kwamba najua.

Katika misemo yote ya Kiswahili, mzee wa watu alichagua ule. Mwaka niliotimiza miaka thelathini na nne, mama yangu alikuwa anapofuka ndani ya nyumba yangu, kwenye jiko nililokuwa nalikarabati kwa akili yangu yote, na mie ambaye kazi yangu ni kutazama, sikuona. Nalisema hili mapema ili asiwepo wa kunionea huruma huko mbele. Miezi yote ile nilikuwa na neno moja tu la kumwelezea mama. Nilisema ni mbishi.

Kazi yangu ni kubuni mambo ya ndani ya nyumba. Siku hizi tupo wengi, lakini wakati ule ukijitambulisha hivyo watu wanakuuliza kama una viti vya harusi vya kukodisha. Nilikuwa nimeshatengeneza majiko ya watu Mbezi na Mikocheni, yenye droo zinazojifunga zenyewe taratibu bila kelele, halafu jioni narudi Kibamba kwenye jiko ambalo mlango wa kabati ulifungwa kwa kipande cha khanga. Aliyejenga nyumba ile kabla sijainunua alipenda saruji. Sinki lilikuwa la saruji, rafu za saruji, na kaunta ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu ya sakafu, na pembeni yake pote aliinua ukingo wa kimo cha kidole ili maji yasimwagike chini. Kuta zilikuwa na rangi ya mafuta ya kijani mpaka kifuani, na juu yake chokaa iliyokuwa kahawia kwa moshi. Uchafu uliganda kwenye ule ukingo, na kila nilipoegemea pale ulinichora mstari mweusi tumboni. Mama alikuwa amehamia kwangu alipostaafu ualimu, akapika kwenye jiko lile miaka kumi. Wali wake, makande yake, mchicha wake wa nazi, vyote vilitoka mle, na sikumbuki hata siku moja aliyoniuliza kitu kiko wapi.

Kilichonisukuma ni Bi. Sakina. Familia yake ilikuwa na biashara ya vitambaa Kariakoo, na walikuwa wanamalizia jengo la ghorofa Upanga, nyumba kumi na mbili, majiko kumi na mawili. Kazi kama ile nilikuwa sijawahi kuipata. Nilimpelekea picha zangu, akazitazama moja moja dukani kwake huku akikata kitambaa cha mteja bila kukosea. Alipomaliza akanirudishia simu.

"Nzuri, sista. Lakini hizi ni nyumba za watu. Mimi nataka kuona jiko lako wewe. Mshonaji anayevaa nguo za kununua simwamini."

"Langu liko kwenye ukarabati," nilisema. Ulikuwa uongo. Hata msumari nilikuwa sijang'oa.

"Basi likiisha nialike. Nitakula kwako, chochote kisicho na nyama."

Jumatatu yake fundi Mbwana alikuwa jikoni kwangu na nyundo. Tulikuwa tumeshafanya kazi pamoja miaka minne, mtu wa makamo, mpole, anayejua saruji na mbao, na asiyependa kusemeshwa akiwa anapima. Mama alisimama mlangoni, mkono umeushika mwimo wa mlango. "Mnabomoa nini?" akauliza. Nikamwambia kila kitu. "Na kaunta?" Nikamwambia hasa kaunta. Akaingia akaanza kutoa masufuria yake moja moja, anayagusa kabla ya kuyashika, kama mtu anayehesabu watoto. Nikaona anapoteza muda. Nikamwambia Mbwana amsaidie ili tuanze.

Miezi mitano iliyofuata tulipika kwenye kibaraza cha nyuma, kwa jiko la mkaa, na sijui kama kuna siku niliyokula bila kutafuna mchanga. Marumaru zilichelewa bandarini. Zilipokuja zilikuwa rangi ya maziwa badala ya nyeupe, nikazirudisha. Maji yalikatika siku tisa, simtanki likakauka, Mbwana akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akinitazama kama vile mie ndiye niliyefunga bomba. Kila jambo lilinikera, na mama alinikera kuliko yote. Akimimina chai anatia kidole ndani ya kikombe, mpaka chai imguse ndipo anaacha. "Mama, kidole!" nilikuwa namwambia kila asubuhi. "Nilinawa," ananijibu. Akitembea kwenye korido anaburuza kiganja ukutani, na ukuta nilikuwa nimeupaka rangi mwezi ule ule. Nikimwonyesha sampuli ya rangi anaisogeza mbali, anaisogeza karibu, anasema zote nzuri. Nilidhani ananisusia. Leo nikikumbuka kile kidole kwenye chai najisikia vibaya kuliko kwa jambo jingine lolote nililofanya mwaka ule, kwa sababu nilikiona kila siku, kwa macho yangu mazima, nikakiita uchafu.

Siku moja nilirudi mapema kutoka Sinza nilikokuwa na kazi. Nilikuwa kwenye korido navua viatu, grainda ya kukatia mawe imenyamaza, nikasikia sauti ya mama kutoka jikoni, sauti ya chini, ile aliyokuwa anaitumia na walimu wenzake wakati wanafunzi wako karibu.

"...usimwambie. Wewe rudisha tu. Akija atakuta simenti imeshakauka."

"Mama, atanifukuza huyu."

"Hawezi kukufukuza. Namjua."

Wakacheka wote wawili. Sikuingia. Nilirudi nje nikakaa kwenye ngazi kwa hasira, nyumbani kwangu mwenyewe. Kesho yake jioni niliukuta ukingo, umerudi kwenye kaunta mpya, kimo kile kile cha kidole, umenyooka vizuri kabisa, kazi ya fundi anayejua. Nilikuwa nimechora kaunta ya bapa, isiyo na kizuizi chochote, jiwe jeupe litakalokaa juu kama shuka lililopigwa pasi. Nikamwita Mbwana.

"Nani kakwambia uweke hiki?"

"Dada, kaongee na mama."

"Nakuuliza wewe. Jiko la nani hili?"

"Lako, dada."

"Anayekuagiza kazi nani?"

"Ni wewe. Lakini kaongee na mama, dada yangu. Nakuomba."

Nikamwambia akusanye vitu vyake. Aliifunga tepu na pimamaji yake kwenye shati kuukuu, hakubishana. Alipokwenda kumuaga mama kibarazani, mama aliushika mkono wake muda mrefu, na mie niliyesimama dirishani nikaona nimefanya vyema kuuvunja ule urafiki wao wa kunizunguka.

Nikachukua mafundi wengine, wepesi, wanaosema "sawa madam" kabla hujamaliza sentensi. Walifanya kila nilichochora. Kuta nyeupe, makabati meupe yasiyo na vishikio, unabonyeza yanafunguka, jiwe jeupe, marumaru nyeupe za kung'aa, vyombo vyeupe. Yale makopo ya mama, lile la maziwa ya unga lililokuwa na sukari na lile la kifuniko cha mbao lililokuwa na chumvi, nilimpa mwokota chupa, nikanunua mitungi ya kioo iliyofanana, nikaiandika majina kwa herufi ndogo za kijivu. Lilipokamilika nilisimama mlangoni, na nakiri kwamba machozi yalinilengalenga. Nikamleta mama. Akaingia hatua tatu, akasimama katikati, mikono imeshuka, hakugusa kitu.

"Unaonaje, mama?"

"Panang'aa," alisema. "Panang'aa sana."

Wiki mbili za kwanza alivunja vikombe vitano. Anaweka kikombe pale kaunta ya zamani ilipoishia, na kaunta mpya ilikuwa fupi kwa kiganja kizima, kikombe kinakwenda chini. Chai ikawa na chumvi, mboga ikawa na sukari. Nilimpigia simu rafiki yangu nikamwambia mama ananipiga vita kwa vikombe, nikacheka, na nilipogeuka mama alikuwa amekaa pale sebuleni na Biblia mapajani, kurasa hazifunuki. "Mama, kwa nini unafanya hivi?" nilimuuliza siku alipovunja cha tano. "Vikombe vyako vinateleza," akajibu, akaendelea kuokota vigae vya udongo kwa kupapasa, mpaka akajikata.

Bi. Sakina alikuja Jumamosi, saa saba mchana. Mama alikuwa ameamka alfajiri kupika makande ya nazi, akakataa nimsaidie. Mgeni alipita jikoni taratibu, anabonyeza makabati, anapitisha kiganja juu ya jiwe, anainama kuangalia maungio. Nilikuwa namfuata nyuma nikieleza, na nilikuwa nimeanza kuona kwenye uso wake kwamba nimeipata ile kazi. Mama akasema chakula tayari. Akainua sufuria kwa vitambaa viwili, akageuka, akaliweka juu ya kaunta. Nusu ya sufuria ilikaa juu ya jiwe na nusu juu ya hewa. Lilipinduka lote, makande yanayochemka, juu ya mguu wake wa kushoto.

Hakupiga kelele. Alisema, "Samahani, mgeni." Maneno hayo tu. Mie niliganda. Aliyeshika mkono wa mama, akamkalisha chini, akafungua bomba na kuanza kummwagia maji mguuni kwa jagi, alikuwa Bi. Sakina, na hijabu yake yote imerowa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Aliinua mkono wake pembeni ya uso wa mama, upande wa sikio, akaupunga. Mama hakugeuka. Akausogeza mbele kidogo, akaupunga tena.

"Mama, vidole vingapi hapa?"

Mama akapapasa hewani kuutafuta mkono wake.

"Sista," Bi. Sakina akaniambia, "mama yako haoni. Baba yangu alikuwa hivi hivi. Ni presha ya macho."

Na mie, Mungu ananisikia, nikajibu, "Hapana, huyu ni mbishi tu."

Tulikwenda hospitali kwa gari la Bi. Sakina. Walimfunga mguu, kisha tukapelekwa kwa daktari wa macho, akamtazama muda mrefu na kutuambia kwamba mama anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe limejaa ukungu, na kwamba kilichopotea hakirudi. Kuna matone ya kupunguza kasi. Kama angeletwa miaka miwili nyuma ingekuwa habari nyingine. Mama alisikiliza kama anayesomewa matangazo ya kanisa. Alikuwa anajua siku zote. Tulipofika nyumbani, kabla sijamwambia pole, kabla sijamuuliza chochote, nilimwambia, "Mama, kuanzia leo usiingie jikoni."

"Nilijua utasema hivyo," alisema.

Bi. Sakina alipiga simu mara mbili kuulizia hali ya mguu. Kuhusu majiko kumi na mawili hakusema neno, na baadaye nikasikia amepewa mtu mwingine. Sikuthubutu kumuuliza. Ningemuuliza nini?

Mama alikaa kwenye kochi wiki nne. Asubuhi anaoga, anavaa, anakaa, redio pembeni. Nilikuwa napika mwenyewe, wali unaoshikana, maharage magumu, na yeye anakula vijiko vitatu na kusema ameshiba. Alikonda. Hakuuliza habari za kazi yangu, hakuimba, hata Kipare alichokuwaga anajisemea peke yake kiliisha. Nilikuwa nimemkasirikia sana. Mtu anapaswa kusema nilijawa na majuto, na majuto yalikuwepo, lakini hasira ilikuwa juu yake. Jumapili moja baada ya ibada ilinishinda.

"Mwaka mzima umenidanganya, mama."

"Sijakudanganya."

"Hukuniambia!"

"Ningekwambia ungenifanyaje? Ungenikalisha kochini. Si ndio umenikalisha?" Alikuwa anatazama upande ambao sikuwepo. "Na wewe hukuniuliza, Namsifu. Uliniuliza napenda rangi gani."

Nilimwacha pale nikaenda kulia bafuni, na kilio chenyewe kilikuwa cha kukereka, kile cha mtoto aliyeshindwa hesabu na mwalimu yuko sahihi.

Jumatatu nilikwenda Tandika. Fundi Mbwana alikuwa anapiga plasta ukuta wa duka la mtu. Aliniona, akanisalimia vizuri, kisha akaniacha nimesimama juani mpaka alipomaliza ukuta wote, akaosha mwiko, akaosha mikono. Ndipo akanieleza yale waliyoongea siku ile kabla sijafika koridoni. Mama alikuwa amemwambia kwamba haoni pembeni, kwamba ule ukingo ndio unaomwonyesha kaunta inapoishia, kwamba jiko lile mikono yake ilikuwa imeshalisoma na akibadilishiwa lote kwa pamoja hataweza tena. Na alikuwa amemwapisha.

"Alisema, kwa Mungu wako na wangu, Mbwana. Sasa ningefanyaje, dada? Ile kukwambia kaongee na mama, nilishavuka mpaka tayari."

"Ungenifokea."

"Bosi hafokewi." Alisema bila kinyongo, ndivyo ilivyo tu. Nikamwomba aje tufanye upya. Akafikiri. "Nitakuja," akasema. "Lakini tepu yako uiache kabatini."

Tulivunja na kujenga kwa miezi miwili. Mama alitolewa kochini akawekewa kiti katikati ya vumbi. Kila kitu kilipimwa kwa shibiri yake. Anasimama, ananyoosha mkono, pale unapoishia Mbwana anachora kwa penseli. "Hapana, chini. Chini tena. Umepitiliza, baba, rudi." Kaunta ilirefushwa mpaka pale mwili wake ulipoizoea, kwa saruji, ikiungana na jiwe langu jeupe kama kiraka cha suruali, na ukingo ukarudi pande zote, tukaupaka rangi nyeusi ili kile kidogo cha kuona alichobaki nacho kiushike. Ukuta wa nyuma ya jiko la gesi ukawa kijani kizito. Makabati yakatobolewa yakapigwa vishikio vya mbao, kila kimoja na umbo lake. Tuligombana kila siku, watatu sie. Mama alikuwa mkali kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye, na mara mbili nilitoka nikabamiza mlango. Alitaka kopo la chumvi liwe kushoto, Mbwana akaweka rafu kulia, akaivunja akaihamishia kushoto, mama akaijaribu na kusema sasa anaona kulia ilikuwa sawa. Kazi ilipoisha nilikuwa na jiko baya kuliko majiko yote niliyowahi kuyagusa. Sikulipiga picha. Sikulipenda, na sitadanganya kwamba nililipenda baadaye. Kila asubuhi niliyoingia mle kuchemsha maji nilikereka upya. Mama alipika humo miaka kumi na mmoja, na minane ya mwisho hakuwa anaona hata mwanga wa dirisha. Hakuungua tena hata mara moja.

Krismasi ya mwaka ule wa ukarabati, mke wa mchungaji alikuja kula kwetu. Mama alikuwa amepika wali wa nazi, kuku, na makande kwa ajili yake mwenyewe, tangu asubuhi, peke yake, akiimba. Mgeni aliingia jikoni kusaidia kubeba vyombo, akasimama. Akatazama jiwe jeupe na kiraka chake cha saruji, mistari myeusi, ukuta wa kijani, vishikio visivyofanana. Alikuwa mama mwenye adabu lakini ilimshinda.

"Ee, Namsifu," akasema. "Si ndio wewe mtu wa kutengeneza majiko ya watu? Mbona lako lipo hivi?"

Nilifungua mdomo nieleze. Nilikuwa na maelezo mengi. Mama alikuwa ametupa mgongo, anafuta ukingo kwa kitambaa, akamjibu bila kugeuka.

"Hili langu, mama mchungaji. Lake bado hajajenga."

Mke wa mchungaji akacheka, akadhani ni utani. Mie nilichukua sahani yangu, nikasimama nyuma ya mama, nikasubiri kupakuliwa.